Joto la oveni ya korosho linasomeka vibaya kwenye PLC: anza na namba, kisha waya

Katika viwanda vya korosho vya Mtwara na Lindi, joto la oveni likianza kusomeka vibaya, fundi umeme huwa si wa kwanza kujua. Wanaotangulia ni akina mama wa kumenya. Korosho ikishabanguliwa huingia oveni ili ile ngozi nyembamba ya ndani ikauke na kuachia. Joto huwekwa karibu nyuzi 70, na mzigo hukaa humo saa kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8. Joto likipungua, ngozi hung'ang'ania, visu huanza kukwaruza, na korosho nzima hugeuka vipande. Likizidi, weupe hupotea na daraja hushuka. Mzigo uliotakiwa kuwa W320, yaani korosho nzima nyeupe 300 hadi 320 kwa ratili, unaishia kuuzwa kwa bei ya zilizoungua. Kwa hiyo mama akikuita, "Fundi, leo ngozi hazitoki kabisa," mchukulie kama kipimo na uende kwenye paneli.

Ninayoandika hapa yanahusu oveni inayoendeshwa na PLC, yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mashine, yenye kadi ya themokapo, sensa ya joto ya waya mbili za metali tofauti. Mfano wangu ni mmoja tu: ndani ya oveni nyuzi 70, kwenye kichwa cha themokapo nje ya ukuta wa oveni, pale inapoungana na kebo, nyuzi 45, ndani ya paneli nyuzi 30, na themokapo ni ya aina K. Kila dalili nimeipa namba inayotokana na hali hiyo ili uilinganishe na skrini yako. Oveni yako ikiwa na joto tofauti namba zitasogea, lakini upande zinakosogea utakuwa ule ule.

Somo la alfajiri na somo la oveni moto

Fundi akikuta skrini iko chini kwa nyuzi 15, kishawishi cha kwanza ni kuingia kwenye programu na kujumlisha 15. Nakuomba sana usifanye hivyo. Makosa mengi ya themokapo hubadilika joto linapobadilika. Ukijumlisha 15 leo oveni ikiwa 70, kesho ikiwa 50 utakuwa umeweka kosa jipya juu ya la zamani, na fundi atakayekuja baada yako hatajua aanzie wapi.

Themokapo peke yake haijui joto la oveni. Inachotoa ni milivolti zinazotokana na tofauti ya joto kati ya ncha iliyo ndani ya oveni, yaani kiungo moto, na mahali waya zinapofungwa kwenye kadi, yaani kiungo baridi. Thomas Seebeck aliliona jambo hili mwaka 1821. Kwa aina K, kila nyuzi moja ya tofauti huzaa kama mikrovolti 41, kiasi kidogo mno. Ili kupata joto kamili, kadi ina sensa yake ndogo inayopima joto la terminali, kisha inaongeza fungu hilo kwenye kile kilicholetwa na waya. Hiyo ndiyo fidia ya kiungo baridi.

Sasa fikiria oveni iliyozimwa usiku kucha. Alfajiri ncha, kichwa, kebo na paneli vyote viko karibu nyuzi 24. Hakuna tofauti, kwa hiyo hakuna milivolti, na somo lote linatoka kwenye sensa ya kadi. Waya zikiwa zimegeuzwa, aina ikiwa imekosewa, au fundi akiwa ametumia kebo ya shaba ya kawaida, skrini bado itasema 24. Makosa hayo yote hujificha saa hiyo. Makosa ya namba hayana pa kujificha, maana skeli mbaya, yaani hesabu ya kugeuza namba ya kadi kuwa nyuzi ikikosewa, itaharibu hata 24.

Basi chukua masomo mawili: moja kabla ya oveni kuwashwa, jingine ikiwa imetulia kwenye joto la kazi. Kila mara andika namba tatu: namba ghafi kutoka kwenye chaneli ya kadi kabla bloku yoyote ya programu haijaigusa, namba inayoonekana kwenye skrini, na joto la kipimajoto kingine unachokiamini kilichowekwa karibu na ncha ya themokapo. Somo la alfajiri likiwa baya, tafuta kwenye skeli, vizio na fidia ya kiungo baridi. Likiwa zuri alfajiri na baya oveni ikipata moto, tafuta kwenye waya na kwenye aina iliyochaguliwa. Hatua hii inakula usiku mmoja, na wakati wa msimu meneja atakusukuma uiruke. Usikubali, isipokuwa namba ghafi yenyewe imeshakupa jibu.

Skrini inasema 30, oveni inachoma mkono

Hili ndilo kosa ninalotaka ulielewe kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo linalounguza korosho.

Kadi za kawaida za analogi, zile za miliampea 4 hadi 20 au volti 0 hadi 10, kwenye PLC za Siemens hutoa namba kati ya 0 na 27648. Namba hiyo ni sehemu ya masafa tu, haina maana mpaka programu iigeuze kuwa bari au lita. Kwa hiyo fundi anazoea kuweka bloku ya skeli, FC105 kwenye S7-300, au jozi ya NORM_X na SCALE_X kwenye mashine mpya. Akishafanya hivyo kwa presha ya boila, anakuja kwenye themokapo, ananakili bloku ile ile, anabadilisha kikomo cha juu kuwa 1200, anapakia programu na kuondoka.

Kadi ya themokapo haifanyi kazi hivyo. Yenyewe imeshapiga hesabu ya jedwali la aina K ndani yake, na inatoa nyuzi zilizozidishwa mara kumi. Nyuzi 70.0 hutoka kama 700. Kwa aina K masafa yake ya kawaida ni kuanzia -2700 hadi 13720, yaani -270.0 hadi 1372.0. Ile 27648 haina nafasi hapa kabisa.

Ukiipitisha 700 kwenye bloku yenye 0 hadi 27648 kwenda 0 hadi 1200, unapata 700 ÷ 27648 × 1200, ambayo ni 30.4. Ubaya wa namba hii ni kwamba inaaminika. Inafanana na joto la chumba, kwa hiyo fundi anafikiri themokapo ina shoti au haikuingia vizuri oveni. Anabadilisha sensa, skrini inabaki pale pale. Anabadilisha kadi, bado. Pesa ya kiwanda inaondoka na tatizo limekaa kwenye mstari mmoja wa programu.

Somo la alfajiri linalifichua mara moja. Nyuzi 24 hutoka kwenye kadi kama 240, na bloku inaigeuza kuwa 10.4. Mtwara haina alfajiri ya nyuzi 10. Ukiona namba ya baridi kama hiyo kwenye pwani yetu, acha sensa ilivyo na ufungue programu.

Na hatari yake ni hii. Kidhibiti kinataka skrini isome 70. Kwa skeli ile mbaya, 70 inapatikana pale kadi inapotoa 1613, yaani nyuzi 161 halisi. Hita zikiwa na nguvu ya kutosha, PLC itaendelea kuziwasha mpaka huko, kwa utulivu, bila kengele, kwa sababu kwa macho yake bado inapanda taratibu kuelekea 70. Korosho ina mafuta mengi, na hilo ni jambo la moto wa kweli. Ndiyo maana kila oveni iwe na swichi ya joto la juu isiyopitia PLC, inayokata hita kwa waya wake yenyewe. Kama ya kwako haina, weka hiyo kabla ya kuendelea na jambo lolote humu.

Tiba ni kuondoa bloku ya skeli kabisa. Chukua namba ya chaneli, igeuze kuwa namba kamili ndefu, kisha kuwa namba ya desimali, halafu gawa kwa 10.0. Basi.

Fuata mpangilio huo. Ukigawa kwa 10 ikiwa bado namba kamili, 705 inakuwa 70 na sehemu ya desimali inatupwa. Kidhibiti kitaona joto likiruka nyuzi nzima nzima na hita zitawaka na kuzimika ovyo. Ukizidisha kwanza, mfano 700 × 100 ndani ya namba ya biti 16, 70000 inazidi kikomo cha 32767 na unaweza kujikuta na 4464 isiyoeleweka imetoka wapi.

Namba ghafi haifanani na nyuzi wala na nyuzi mara kumi

Si kila kadi hutoa nyuzi moja kwa moja. Nyingine zinakupa uchague muundo wa namba wakati wa kuzipanga, na fundi aliyetangulia huenda alichagua asichokielewa. Kadi ya Allen-Bradley 1769-IT6 ni mfano mzuri kwa sababu majina ya miundo yake hupotosha. Muundo wa vizio vya kihandisi wenye alama ×1 hutoa sehemu za kumi za nyuzi, kwa hiyo 70 inakuwa 700. Ule wenye ×10 hutoa nyuzi nzima, 70 inakuwa 70. Watu wengi hudhani kinyume chake, na matokeo ni skrini yenye 7 au 700.

Muundo uliotengwa kwa ajili ya bloku ya PID, ile sehemu ya programu inayodhibiti joto, hunyoosha masafa yote ya themokapo kwenye 0 hadi 16383. Kwa aina K masafa ni -270 hadi 1370, upana wa nyuzi 1640. Nyuzi 70 hapo inatoka karibu 3396. Kuirudisha: gawa kwa 16383, zidisha kwa 1640, toa 270. Watu husahau ile 270, na skrini inasoma 340. Muundo wa uwiano ghafi huenda kutoka -32767 hadi 32767, na humo nyuzi 70 ni namba hasi kubwa, karibu -19200. Ukikuta namba hasi ya ukubwa huo, usihangaike na polariti kwanza. Soma mpangilio wa chaneli.

Ushauri wangu ni kuchagua sehemu za kumi za nyuzi na kuachana na mingine, labda kama bloku yako ya PID inalazimisha. Fundi wa zamu ya usiku akifungua jedwali la kutazama na kuona 700, anajua ni 70.0 bila kalkuleta.

Mengine ya kundi hili ni mepesi. Skrini ikisoma 7.0 wakati kadi ina 700, programu imegawa kwa kumi na skrini nayo imewekewa nukta ya desimali, ondoa moja. Ikisoma 158 oveni ikiwa 70, na 75 alfajiri, kadi imepangwa kwa Fahrenheit. Kama joto linapita kwenye Modbus, yaani njia ya mawasiliano kati ya vifaa, kutoka kidhibiti kidogo cha mlangoni na linafika -17406 badala ya 700, baiti mbili zimebadilishana nafasi. Dalili yake ya uhakika ni kwamba joto likipanda kwa sehemu moja ya kumi, namba inaruka 256.

Alfajiri sawa, oveni ikipata moto inapotea

Hapa tunaingia kwenye waya. Zima hita kwenye swichi kuu na ufunge kufuli kabla hujafungua kichwa cha themokapo, kwa sababu terminali za hita huwa jirani na zina volti 400.

Joto likipanda na skrini ikishuka, waya zimegeuzwa kwenye kadi. Katika mfano wetu skrini itaonyesha karibu -11. Kugeuzwa huku kunajitangaza, kwa hiyo hukamatwa siku ile ile. Kinachosumbua ni kebo iliyogeuzwa kwenye ncha zote mbili, kichwani na kwenye paneli. Fundi wa kwanza alikosea kichwani, akaona skrini inashuka, akageuza kwenye paneli, skrini ikapanda, akaridhika. Lakini kipande cha kebo kati ya nyuzi 45 za kichwa na nyuzi 30 za paneli bado kimegeuka, na kosa lake ni mara mbili ya tofauti hiyo: nyuzi 30 pungufu. Skrini inasoma 40. Siku za baridi ya Julai kosa linakuwa la kiasi kingine kuliko Desemba, na watu wanaanza kulaumu hali ya hewa.

Kebo ya shaba ya kawaida ikitumika mahali pa kebo ya themokapo, kipande hicho hakizai milivolti zozote, na unapoteza tofauti yote ya kichwa na paneli. Skrini inasoma 55. Hili hutokea sana baada ya kebo kukatika wakati msimu umeshika kasi na dukani hakuna ya K. Najua presha ya wakati ule, na hata hivyo nasema shaba haifai. Afadhali uhamishie mzigo kwenye oveni nyingine yenye kebo nzima kuliko kukausha kwa namba iliyokosea kwa nyuzi 15. Kiungio cha katikati nacho kiwe cha aina K. Cha shaba kitakubalika endapo tu waya zote mbili zimo ndani ya kisanduku kimoja chenye joto moja, mbali na ukuta wa oveni.

Aina ikikosewa, dalili ni mteremko. Themokapo ya J ikiwa kwenye chaneli iliyopangwa K, nyuzi 70 inasomeka karibu 81, kwa sababu J huzaa milivolti nyingi zaidi. Themokapo ya K kwenye chaneli ya J inasomeka karibu 61. Kosa hukua kadiri oveni inavyopanda na hutoweka ikipoa. Kama umebadilisha sensa juzi na mpangilio haukuguswa, anzia hapo.

Rangi zitakuchanganya, na inafaa uzijue kwa kichwa kwa sababu maghala ya viwanda vyetu yana mashine za kutoka nchi nyingi. Kwa mpangilio wa Marekani, K ina ganda la njano, waya ya njano ni chanya na nyekundu ni hasi. Nyekundu ni hasi! Fundi aliyezoea betri ataifunga upande wa chanya bila kufikiri. Kwa mpangilio wa kimataifa wa IEC, K ni ganda la kijani, kijani chanya, nyeupe hasi. Kebo za zamani za Kijerumani pia zilikuwa na ganda la kijani, lakini humo nyekundu ni chanya na kijani ni hasi, kinyume kabisa cha IEC kwa ile ya kijani. Kwa hiyo ukiwa na shaka, acha rangi na uchukue sumaku. Katika aina K, waya ya hasi ndiyo inayovutwa na sumaku, kwa nguvu ndogo. Katika J, waya ya chanya ni chuma na inavutwa kwa nguvu. Sumaku ndogo ya spika ya redio mbovu inatosha.

Kuna moja zaidi, shoti katikati ya kebo. Ganda likiyeyuka mahali kebo inapopita juu ya bomba la mvuke na waya mbili zikagusana, pale zinapogusana panakuwa themokapo mpya. Skrini inasoma joto la mahali pale, bila kengele yoyote, maana mzunguko haujakatika. Ukiona somo lisilojali mlango wa oveni ukifunguliwa, fuata kebo kwa mkono mpaka uipate.

Kosa lile lile alfajiri na mchana

Skrini ikiwa chini kwa karibu nyuzi 25 hadi 30 kila wakati, na alfajiri inasoma kama 0, fidia ya kiungo baridi haifanyi kazi. Huenda chaneli imepangwa itegemee kiungo baridi cha nyuzi 0, au imepangwa itumie sensa ya nje ambayo haikufungwa. Badilisha kwenda fidia ya ndani. Kwenye kadi zenye vidude vidogo vya fidia vinavyofungwa kwenye terminali, hakikisha vimebana na havikung'olewa na mtu aliyekuwa anapitisha waya.

Makosa madogo ya nyuzi 3 hadi 6 yanayobadilika na saa za siku hutokana na paneli yenyewe. Kadi inadhani terminali zake zote ziko kwenye joto moja. Feni ikipuliza upande mmoja, au kibadilisha kasi cha mota kikitoa joto chini yake, terminali zinatofautiana na hesabu inaharibika. Jaribio ni kufungua mlango wa paneli na kutazama skrini kwa dakika kumi. Namba ikihama huku oveni imetulia, umeshapata chanzo. Hamisha kadi mbali na vinavyotoa joto, au geuza feni isipulize terminali.

Namba imegonga 32767

Kwenye Siemens hiyo ndiyo lugha ya kadi kusema masafa yamepitwa au waya imekatika. Ikipita kwenye FC105, bloku inaibana kwenye kikomo cha juu na skrini inaonyesha 1200 kamili, namba nzuri ya mviringo isiyosogea. Fungua waya kwenye kadi na upime ukinzani: themokapo nzima na kebo yake huwa na ohm chache hadi makumi kadhaa. Kwa hewa yetu ya chumvi, Mtwara mjini na Mikindani hasa, mara nyingi waya haijakatika. Kutu ya kijani imekaa chini ya skrubu. Kata ncha, chuna upya, funga upya.

Wakati uko hapo, kagua jambo moja la usalama. Waya ikikatika, kadi ipeleke somo juu, siyo chini. Ikipeleka juu, kidhibiti kinadhani oveni ina moto mwingi na kinazima hita. Ikipeleka chini, kinaziwasha zote. Chomoa waya moja kwa makusudi na uone hita zinafanya nini.

Namba inacheza

Umeme wetu ni hezi 50, na baadhi ya kadi hutoka kiwandani zikiwa na kichujio cha hezi 60. Weka 50, mara nyingi hilo peke yake linatosha. Ikibaki inacheza, zima feni ya oveni. Namba ikitulia, kibadilisha kasi cha feni ndicho kinachoingiza kelele: tenganisha kebo ya themokapo na ya mota, na unganisha ngao ya kebo na ethi upande wa paneli tu. Chaneli zisizotumika zizimwe kwenye mpangilio au zipigwe shoti kwa kipande cha waya, kwa sababu zikiachwa wazi zinaweza kuvuruga jirani zake.

Chaneli kadhaa zikipotea kwa pamoja hita zinapowaka, shuku themokapo zenye ncha iliyounganishwa na ganda la chuma kwenye kadi isiyotenganisha chaneli. Hita inayovujisha kidogo kwenye ethi inatosha kusukuma zote. Tafuta hita hiyo kwa mita ya insulesheni, halafu nunua themokapo zenye ncha iliyotengwa.

Majaribio matatu yasiyohitaji kifaa cha gharama

La kwanza: ng'oa themokapo na uweke kipande cha waya ya shaba kati ya terminali mbili za chaneli. Skrini lazima ioneshe joto la paneli. Ikionesha, skeli, vizio na fidia viko sawa kwa mpigo mmoja.

La pili: pima milivolti kwenye waya zilizochomolewa. Kwa jedwali la K, nyuzi 70 ni milivolti 2.851 na nyuzi 30 ni 1.203, kwa hiyo utegemee tofauti yake, 1.65 hivi. Mita yenye hatua ya milivolti 0.1 itakukosesha kwa nyuzi 2 hivi, lakini kosa la shaba au la aina litaonekana wazi.

La tatu: barafu na maji ya moto. Ponda barafu, ongeza maji safi kidogo, koroga, zamisha ncha, isome 0. Usichukue barafu iliyolazwa na samaki, chumvi huishusha chini ya 0. Maji yanayochemka Mtwara mjini ni nyuzi 100 karibu kamili. Kama kiwanda chako kiko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, usitegemee 100: kwa kila mita 300 za mwinuko kiwango cha kuchemka hushuka kama nyuzi moja, kwa hiyo pale ni karibu 98.

Themokapo ya K ya daraja la 2 inaruhusiwa kukosea hadi nyuzi 2.5 kwenye joto la oveni zetu, na ya daraja la 1 hadi 1.5. Ukishapita yote haya na barafu na maji ya moto yakionyesha tofauti moja ile ile ya nyuzi 1 au 2, hapo marekebisho ya kujumlisha au kutoa yana haki yake. Yaweke mahali pamoja kwenye programu, siyo kwenye skrini, na uandike kwenye karatasi ndani ya mlango wa paneli: chaneli gani, kiasi gani, sensa ipi, tarehe ipi. Sensa ikibadilishwa, rudisha sifuri na upime upya.

Na kama namba zote ni safi na ngozi bado hazitoki, weka kipimajoto kwenye trei ya juu, ya kati na ya chini. Hewa ya oveni iliyojaa kupita kiasi haizunguki, na ncha ya themokapo iliyo karibu na hita itasema 70 huku trei za chini ziko 58.